TAHADHARI: Gemu za "bure" zinazofunga mafaili ya familia, na matapeli wanaojifanya kuyafungua

Wazazi, walezi, kaka na dada wakubwa mnaoshika kompyuta ya nyumbani, naombeni msome hili kabla shule hazijafungwa. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanza. Kila likizo naletewa mashine zenye shida ile ile, na sasa kuna watu waliojipanga kuwavuna hao hao wenye shida. Kwa hiyo tahadhari yangu ina pande mbili, na upande wa pili ndio unaoniuma zaidi.

Juzi mama mmoja mshonaji aliniletea laptopu ya familia. Humo ndimo alimokuwa anatunza hesabu za kikundi chao cha hisa, vipimo na madeni ya wateja, picha za kipaimara cha binti yake na video ya harusi ya mdogo wake. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne zisizoeleweka mwishoni mwa jina, na halifunguki. Kila folda ilikuwa na karatasi moja ngeni iitwayo _readme.txt. Ukiifungua, unakuta ujumbe wa Kiingereza unaodai dola 980, na kwamba ukiwatafuta ndani ya saa 72 utalipa nusu, dola 490. Hiyo nusu pekee ni zaidi ya shilingi milioni moja.

Nilimuuliza kijana wake wa kidato cha kwanza kilichotokea, akanieleza vizuri kabisa. Alikuwa anatafuta gemu ya mpira bila kulipia. Akakuta video inayoonyesha gemu ikichezwa, na chini yake linki. Linki ikampitisha kwenye kurasa kadhaa za matangazo, mwisho akapakua faili la zip lenye neno la siri 1234. "Video ilisema nizime antivairasi kwanza fundi, la sivyo gemu haifunguki." Akazima. Akabofya. Gemu haikufunguka, ila kikatokea kidirisha kinachofanana na Windows ikijisasisha, naye akasubiri kwa adabu imalize. Kumbe wakati anasubiri, mafaili ya mama yake yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine.

Kirusi hiki kinajulikana kwa jina la STOP, wengine hukiita Djvu. Kipo tangu 2018, na njia yake kubwa ni hizo hizo programu na gemu zilizovunjwa ufunguo ili zitumike bila kulipiwa. Hakiwindi mabenki wala mashirika makubwa. Kinawinda watu wa majumbani na wanafunzi, watu wasio na nakala ya kazi zao. Angalieni ujanja wa lile neno la siri kwenye zip: antivairasi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa, kwa hiyo mzigo unapita mlangoni bila kukaguliwa, halafu mtoto mwenyewe anaambiwa amwondoe mlinzi. Popote mtakapoona maelezo ya kusakinisha yanayosema "zima antivairasi kwanza", jueni mko mikononi mwa mwizi. Sina haja ya kuona kilichomo ndani ili niseme hivyo.

Na mara nyingi hakiji peke yake. Kinakuja na mwenzake anayekusanya maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kabla hata mafaili hayajaguswa. Barua pepe ya baba, akaunti ya Facebook ya duka la mama, akaunti ya kazini uliyoifungulia nyumbani siku moja, vyote vinaondoka. Ndiyo maana nawasihi sana, mtoto akikosea asipigwe. Mtoto anayeogopa kipigo atazima kompyuta na kunyamaza wiki nzima, na katika wiki hiyo mwizi anaingia kwenye akaunti zenu anavyotaka. Mkiambiwa mapema, chukueni simu, si ile kompyuta, mbadilishe neno la siri la barua pepe kwanza kisha mengine yote, na kwenye kila akaunti mbofye sehemu ya kujiondoa ("sign out") kwenye vifaa vyote, maana mwizi anaweza kuwa amebeba hata kile kinachomwezesha kuingia bila neno la siri.

Sasa upande wa pili.

Yule mama kabla hajafika kwangu alikuwa ameshapiga picha ule ujumbe na kuuliza kwenye magrupu. Haikupita muda akatafutwa na mtu anayejiita mtaalamu wa kurudisha mafaili. Lugha nzuri, "pole sana dada yangu", picha ya ofisi yenye kompyuta nyingi. Akamwambia, nitumie faili moja tu nikuonyeshe uwezo wangu. Mama akatuma picha moja ya kipaimara, na baadaye ikarudi imefunguka, safi kabisa. Nani asingeamini? Akaombwa nusu ya malipo kwanza. Akatuma kwa simu. Kisha likaja dai la "gharama za seva", na alipoomba maelezo, namba ikamzuia.

Ule uchawi wa faili moja unafanyika hivi. Someni vizuri _readme.txt: wahalifu wenyewe wameandika kwamba watakufungulia faili moja bure, ili uamini kwamba ufunguo wanao. "Mtaalamu" anachofanya ni kuchukua faili lako na namba yako ya utambulisho iliyo mwishoni mwa ujumbe ule, anawatumia wahalifu, wanamrudishia limefunguliwa, naye anakuletea kama kazi ya mikono yake. Hana ufunguo wowote. Mwenye roho nzuri kidogo kati yao atawalipa wahalifu dola 490 na kukutoza wewe mara mbili. Wengine wanachukua advansi na kupotea, kama huyu.

Ukweli kuhusu kufungua ni huu, na hauhitaji kumlipa mtu. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure inayofungua aina nyingi za zamani za kirusi hiki. Kwa aina zilizokuja baadaye, kila kitu kinategemea namba ile ya utambulisho. Ikiishia na t1, maana yake kirusi hakikufanikiwa kuwasiliana na wahalifu kwa intaneti siku ile, kikatumia ufunguo wa pamoja ambao hutumika kwa watu wengi, na ufunguo huo ukishapatikana huingizwa kwenye programu hiyo ya bure. Isipoishia na t1, ufunguo ni wa mashine yako peke yake na wanao wao tu. Namba ya yule mama haikuishia na t1. Nilimwambia hivyo hivyo, ingawa ilikuwa vigumu kumtazama usoni.

Lakini kuna kitu tulichookoa. Kirusi hiki hufunga kipande cha mwanzo tu cha kila faili, takriban kilobaiti 150, ili kimalize haraka. Picha ndogo na faili la hesabu vinakufa, lakini video ya harusi ni kubwa mno kuliko kipande hicho, na kwa programu za kurekebisha video tuliweza kuirudisha karibu yote. Kwa hiyo msifomati kwa hasira, na msikubali fundi afomati bila kuwaeleza.

Kuhusu kuzuia, jambo ninaloliona limesahauliwa karibu kila nyumba ni akaunti. Familia nzima inatumia akaunti moja, na akaunti hiyo ndiyo yenye mamlaka yote. Fungueni akaunti ya pili kwa ajili ya watoto, iwe ya kawaida, isiyo na uwezo wa kusakinisha wala kuzima ulinzi, na ile yenye mamlaka iwekewe neno la siri ambalo mtoto halijui. Hata akibofya kitu kibaya, kwa kawaida hakitaweza kuzima ulinzi wa Windows wala kuingia kwenye folda za mzazi. Angalizo: kinga hiyo ni kwa mafaili yaliyomo ndani ya akaunti ya mzazi. Wengi wetu tunaweka kazi zetu kwenye diski D, na huko kwa kawaida kila akaunti inaweza kuandika na kufuta. Zihamishieni ndani ya folda za akaunti ya mzazi. Na kidirisha kikitokea kikiomba neno la siri la mzazi, msije mkaliandika huku mnakoroga uji; someni kwanza ni programu gani inaomba.

Nakala ya kazi iwekwe kwenye diski ya nje inayochomolewa ikishamaliza. Ikibaki imechomekwa nayo itafungwa.

Kuna na hizi ahadi za Robux za bure, yaani pesa za ndani ya gemu ya Roblox. Hakuna programu wala tovuti inayotengeneza Robux, zote ni za kuiba akaunti au kupakia virusi, mwambieni mtoto hivyo waziwazi. Na kwa wanaocheza Minecraft, hata sehemu zinazoaminika zimewahi kuingiliwa: Juni 2023 modi kadhaa (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji) kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit zilitiwa kirusi kilichoitwa fractureiser, kilichoiba taarifa za vivinjari na akaunti. Kwa hiyo modi nazo zipakuliwe mzazi akiwepo. Flashi zenye "gemu mia tatu" zinazouzwa barabarani nisingezichomeka kabisa kwenye mashine yenye kazi ya mtu, hata kama muuzaji mwenyewe ni mtu mwema asiyejua kilichomo.

Mkishafungiwa, chomoeni intaneti na flashi zote, kisha mtumie mashine nyingine kuingia tovuti ya No More Ransom, ambayo ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta. Ni bure. Mafaili yaliyofungwa yahifadhini kwenye diski pamoja na ile _readme.txt yenye namba yenu, kwa sababu funguo hupatikana wakati mwingine hata baada ya miaka. Ya mama yule nimeyahifadhi hivyo. Na atakayewatafuta faragha akiwaambia "nitumie faili moja nikuonyeshe", msimtumie, mzuieni, na muwaambie waliomo kwenye grupu mlikouliza, kwa sababu ametoka huko na bado anawasoma.