Majaribio ya bure ya IELTS ya kompyuta: yanafaa kiasi gani kwa muuguzi anayejiandaa?

Muuguzi anayetaka kusajiliwa na NMC, yaani baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, kwa kutumia IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, anatakiwa apate alama 7 katika Kusoma, Kusikiliza na Kuzungumza, na isiyopungua 6.5 katika Kuandika, tena katika mtihani wa kitaaluma, si ule wa mafunzo ya jumla. Tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya ajira za wahudumu wa afya mwaka 2021, wenzangu wengi wodini wamekuwa wakiulizana namna ya kujiandaa, na swali la kwanza huwa ni kituo gani cha kulipia masomo. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtu ayamalize kwanza majaribio ya mfano ya kompyuta yanayopatikana bure kwenye tovuti rasmi ya IELTS na kwenye tovuti za mashirika ya British Council na IDP, ambayo yanaumiliki mtihani huu pamoja na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Nimeyatumia mwenyewe, na nayatathmini hapa kwa ajili ya wanaofuata.

Thamani yake kubwa ni kwamba yanamzoesha mtahiniwa skrini atakayoikuta siku ya mtihani. Katika Kusoma, kifungu kinakaa upande wa kushoto na maswali upande wa kulia, na kila upande unasogezwa peke yake. Ukiteua maneno kwa kipanya unaweza kuyatia rangi au kuyawekea maandishi mafupi ya kukukumbusha, na maswali ya kulinganisha vichwa vya aya hujibiwa kwa kuburuta kichwa hadi mahali pake. Mambo haya yanaonekana madogo hadi pale mtu anapokuwa na vifungu vitatu virefu, maswali 40 na dakika 60 tu, kisha akajikuta anapoteza muda akitafuta aya aliyoisoma punde tu kwa sababu hakuitia alama. Yule aliyezoea huitia rangi sentensi yenye jina au mwaka mara anapoiona, na swali likifika anajua pa kurudi.

Katika Kusikiliza ndipo tofauti ya karatasi na kompyuta inapouma zaidi, na ndipo majaribio haya yaliponisaidia kuliko kitu kingine chochote. Anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 mwishoni za kuhamishia majibu yake. Anayefanya kwa kompyuta hupewa dakika 2 za kuyakagua tu, kwa kuwa alitakiwa kuyaandika kadiri alivyokuwa akisikia. Sauti inachezwa mara moja tu. Kwa hiyo masikio, macho na vidole vinafanya kazi kwa pamoja: huku unapiga chapa jina la mtaa lililotajwa kwa herufi, msemaji ameshaanza kutaja nambari ya simu. Neno likikosewa tahajia, alama imekwenda, na mashine haitakuonya.

Jambo hili ndilo linalonifanya nisikitishwe na masomo ya kulipia niliyohudhuria katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja. Mwalimu alikuwa mwema na alijua Kiingereza vizuri, lakini mazoezi yote tuliyafanya kwa kalamu kwenye nakala za karatasi, tukihamisha majibu kwa zile dakika 10, ilhali karibu darasa zima lilikuwa limejiandikisha kwa kompyuta. Anayetafuta kituo na aulize kwanza kama kuna kompyuta za kufanyia mazoezi, na kama mtu anayekamilisha kozi atakuwa ameandika insha nzima kwa kibodi. Jibu likiwa hapana, sioni sababu ya kulipa.

Kuandika ndiko kunakobaki na pengo, na ni haki kulisema. Unapewa dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza isipungue maneno 150, ya pili isipungue 250, na hii ya pili ina uzito mara mbili. Skrini inakuhesabia maneno, nafuu kubwa kwa aliyezoea kuyahesabu kwa kidole, na unaweza kuhamisha aya nzima bila kuchafua kazi. Lakini majaribio ya bure hayakupi mtu wa kuisoma insha yako akuambie kwamba hoja ya aya ya pili haikutetewa, au kwamba maelezo yako ya grafu yameorodhesha takwimu bila kueleza mwelekeo wake. Majibu ya mfano husaidia, ila kujilinganisha na jibu zuri si sawa na kusahihishwa. Kama mtu ana fedha kidogo za kutumia, azipeleke hapa: amlipe mwalimu amsahihishie insha kadhaa zilizopigwa chapa, kisha aziandike upya.

Kuna kosa ninaloliona kwa wenzangu, nalo ni kuyafanya majaribio haya kwenye simu, wakiwa kwenye matatu au wakisubiri zamu. Kwa simu hakuna kibodi kamili wala skrini iliyogawanyika, kwa hiyo kinachobaki ni maswali tu, na maswali yako hata vitabuni. Ni afadhali kwenda saiba na hedifoni zako na kufanya jaribio zima huku ukijipimia muda, hata kama ni mara moja kwa wiki.

Kuzungumza hakufanywi na mashine. Ni mazungumzo ya dakika 11 hadi 14 na mtahini, na sehemu ya pili inakupa dakika moja ya kujiandaa kabla ya kuzungumza peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Kwa sehemu hii tovuti zina maswali ya mfano, lakini mwenzako wa zamu mwenye saa mkononi, anayekuuliza kisha akakuacha uzungumze bila kukukatiza, atakufaa zaidi.