Murumba wa Ituri kwenye vibanda vya Goma: kitambaa kizuri, maelezo hakuna

Kitambaa tunakipa 4 kati ya 5. Namna kinavyouzwa, 1.

Murumba, kitambaa cha gome cha Bambuti (watu wa msitu wa Ituri, Kongo, wanaoitwa Pigme), ukiwa wa kweli huanza na mwanaume anayechuna ganda la ndani la mtini wa msituni, akaliloweka na kulitwanga juu ya gogo mpaka lipanuke na kulainika. Uso wa nyundo mara nyingi umechongwa mistari. Inua kitambaa kwenye mwanga, utaona vimraba vidogo vidogo, kama alama za mkeka kwenye ngozi ya aliyeulalia. Kuchora ni kazi ya wanawake wa Bambuti: maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na mkaa, kwa kidole au kijiti. Rangi hiyo huzama ndani ya nyuzi. Gusisha kona kwa pamba yenye unyevu: vumbi kidogo la mkaa si neno, lakini doa la zambarau linalotawanyika ni la kalamu ya dukani. Mistari ya rula nayo itilie shaka. Mkono wa Ituri huacha nafasi tupu, hubadili njia katikati, na utamu wote uko hapo.

Kosa kubwa la vibanda ni kubandika kitambaa kwenye ubao kwa gundi. Unyevu wa ziwa ukiingia, gome huvimba. Likikauka hujivuta, ubao hausogei, basi linapasuka. Nunua kisicho na fremu, kizungushe kwenye bomba la plastiki, mchoro ukiwa nje, usikikunje. Nyumbani kishikize juu ya kitambaa cha pamba kwa mishono michache, mbali na jua. Vumbi la makoro, mawe ya lava ya Goma, litoe kwa brashi laini. Kukiosha kwa maji hapana kabisa.

Kinachouma zaidi: «ni ya Pigme» ndiyo habari yote utakayopewa. Kule Yirrkala, Australia, mwaka 1963 Wayolngu, wenyeji asilia wa huko, walibandika ombi la kutetea ardhi yao juu ya magome waliyoyazungushia michoro ya koo zao, wakalipeleka bungeni, kwa kuwa mchoro wenyewe unasema nchi ni ya nani. Murumba nao una wenyewe: kwa jadi ni vazi, hata la elima, sherehe ya msichana aliyevunja ungo. Gome na wino vyote vya msitu uleule. Muuzaji anayeandika nyuma ya kipande kambi kilikotoka, na jina la mama aliyekichora akiridhia, mlipe bei anayoitaja.