Kuapgredi hadiwea ya mashine pepe: nzuri, ila mtandao ndo balaa

Hii kitu ya kupandisha toleo la hadiwea ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) naipa nyota tatu kati ya tano. Kazi yenyewe rahisi mno, unazima mashine, unabofya, unawasha, basi, na faida zipo kweli maana unaweza kuongeza RAM na prosesa kupita kikomo cha toleo la zamani. Shida inaanza ikishawaka.

Kwa Windows kadi ya mtandao inaweza kuonekana kama kadi mpya kabisa, kwahiyo IP (anwani ya mashine kwenye mtandao) uliyoiweka kwa mkono inabaki kwenye kadi ya zamani iliyojificha, hii mpya inasubiri DHCP (huduma inayogawa IP yenyewe), ukijaribu kuiandika tena unaambiwa IP hiyo ishapewa kadi nyingine na hiyo nyingine huioni popote! Inabidi uingie Device Manager, uonyeshe vifaa vilivyofichwa, uifute hiyo kadi ya zamani. Linux nayo, jina la kadi mara nyingi linatokana na sloti yake, ens160 ikigeuka ens192 faili la setingi linabaki linaongea na kadi isiyokuwepo.

Kinachoniudhi zaidi, onyo linalotokea kabla halisemi chochote cha maana kuhusu mtandao, na kitufe cha kurudi nyuma hakuna, labda uwe na snapshoti (nakala ya hali ya mashine uliyoihifadhi kabla). Kwahiyo sasisha draiva kwanza, andika IP, getiwei (njia ya kutokea mtandaoni) na DNS (seva ya kutafsiri majina kuwa IP) pembeni, halafu hakikisha konsoli (skrini ya mashine pepe yenyewe, isiyotegemea mtandao wake) inafunguka maana mtandao ukikata, SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) haikusaidii kitu. Seva inayopiga kazi vizuri na haihitaji hayo mapya, mi siigusi.