NanoVNA-H juani Dodoma: kile ambacho SWR inakuficha

Wakuu, habari zenu. Leo nipo nje ya nyumba hapa Dodoma, jua kali, upepo kama mnavyousikia kwenye maikrofoni, na mkononi nina NanoVNA-H, kifaa kidogo cha kupima antena na kebo. Kidude hiki kimeenea sana kwa watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kama burudani na si biashara, na swali ninaloulizwa ni lile lile: nikinunue, au mita yangu ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha wimbi kinarudi kutoka kwenye antena (1 ndiyo bora), inatosha? Jibu nalitoa mapema. Nunua. Na sababu siyo kwamba kinapima SWR vizuri zaidi. SWR peke yake inaficha mambo, na hiki kinayafichua.

Sogeeni muone. Hii ni kebo ya RG-58, ile nyembamba, mita 30. Ncha ya kule mwisho haina kitu. Hakuna antena, hakuna waya, ipo wazi tu. Huku nimechomeka kifaa, nimeweka megahezi 145, bendi ya mita 2. Soma hapo: SWR ni kama 1.7. Mtu mwenye mita ya kawaida mezani angefurahi, angesema antena yangu iko safi. Antena gani? Haipo!

Kinachotokea ni hiki. Kwenye masafa hayo kebo hii inapoteza desibeli 6 hivi kwa mita 30, maana yake robo tatu ya nguvu inageuka joto njiani. Robo inayofika kule mwisho inagonga na kurudi yote, na katika kurudi inapoteza tena robo tatu yake. Kwa hiyo redio inaona sehemu 1 kati ya 16 ndiyo imerudi, na mita inaamini antena imekula iliyobaki. Kadiri kebo inavyooza kwa jua na maji, ndivyo SWR inavyozidi kupendeza. Hii ndiyo hatari yenyewe.

Kwenye NanoVNA unabadili kipimo, unasoma hasara ya marejeo, yaani wimbi linalorudi limepungua desibeli ngapi kuliko lililotumwa, badala ya SWR. Hapa inaonyesha desibeli 12. Gawa kwa 2, kwa sababu wimbi limekwenda na kurudi: 6. Hasara ya kebo yako umeipata bila kupanda popote. Kebo ikiwa imekatika katikati, kuna kipimo cha umbali. Weka kasi ya wimbi ndani ya kebo, asilimia 66 ya kasi ya mwanga kwa RG-58, kitakuambia mkato uko mita ya ngapi.

Sasa antena halisi. Ile pale ni daipoli ya bendi ya mita 40, imetundikwa katikati kwenye nguzo, mikono miwili ya waya inashuka pembeni. Hii ndiyo antena ninayompendekezea kila anayeanza hapa nchini. Haihitaji mnara. Ikiwa chini inarusha mawimbi karibu wima, yanagonga anga ya juu na kushuka, na mchana unaongea na Dar es Salaam au Mwanza. Hesabu yake inajulikana: 143 gawa kwa megahezi. Kwa 7.1 unapata mita 20.1 za waya wote. Mimi nimeanza na 20.5, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga.

Kabla ya kupima, kalibreti, yaani kifundishe kifaa kipimo kianzie wapi. Vile vizibo vitatu, cha wazi, cha kufunga na cha omu 50, vifunge kimoja kimoja mwisho wa kebo na adapta zako zote, pale antena inapoanzia. Ukivifunga kwenye kifaa chenyewe, utakuwa unapima antena pamoja na kebo, na namba za omu hazitakuwa za antena.

Halafu angalia upana wa masafa. Kifaa hiki kinachukua nukta 101. Ukikiacha kitembee kilohezi 50 hadi megahezi 900, kila hatua ni kama megahezi 9, wakati bendi nzima ya mita 40 kwetu ni kuanzia 7.0 hadi 7.2. Kitairuka bila kuiona. Weka 6.5 hadi 7.5, kalibreti upya, ndipo uone bonde, pale SWR inaposhuka chini kabisa.

Bonde liko 6.85. Antena ni ndefu mno, kwa sababu nimetumia waya wa umeme wa nyumba wenye plastiki, na plastiki inapunguza kasi ya wimbi. Zidisha 20.5 kwa 6.85, gawa kwa 7.1: unapata 19.78. Tunatoa sentimita 72, yaani 36 kila upande. Usikate. Kunja ncha, uisokote kwenye waya wenyewe. Masika yakifika ardhi ikalowa, bonde litasogea kidogo na utashukuru kwamba waya bado upo.

Jaribio jingine ninalolipenda mno: shika kebo kwa mkono, usogeze mkono huku ukiangalia grafu. Mstari ukicheza, kebo nayo imekuwa antena. Izungushe kwenye pete ya ferraiti, ile nyeusi ya kuzuia mawimbi, karibu na maungio ya antena, mpaka mstari utulie.

Sasa kasoro. Skrini juani ni shida kweli. Hapa nimeifunika kwa kofia na bado nakaza macho. Kigurudumu cha pembeni ni chepesi kuvunjika. Soketi za SMA, zile ndogo za kuchomekea kebo, zinaisha, kwa hiyo funga kipande kifupi cha kebo na ukiache hapo siku zote. Juu ya megahezi 300 usahihi unashuka. Na zipo nakala hafifu zisizo na kinga ya bati ndani, ziepuke.

Kwa wenzangu wa Dodoma, Singida na Manyoni: kiangazi upepo wa vumbi unaupa waya umeme tuli, na umeme huo unaua kifaa hiki mara moja. Kabla hujachomeka antena, gusisha pini ya katikati na ganda la nje kwenye waya wa ardhini. Na usibonyeze kurusha redio kifaa kikiwa kwenye laini, hata wati 1.

Kama mfukoni inaruhusu, chukua NanoVNA-H4 badala ya hii, ina skrini ya inchi 4 na tofauti utaiona. Leseni ya kurusha inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama zetu za kujitambulisha hewani zinaanza na 5H, lakini kupima tu hakukudai leseni. Ukipima daipoli yako, niandikie kwenye maoni urefu wa waya, bonde lilipo na urefu wa nguzo, tutaitazama pamoja.