Kwaya ya Wanachuo Bustanini Mtwara: Sauti Tupu Zilitosha

Tamasha la kwaya ya wanachuo lililofanyika Jumamosi iliyopita katika bustani ya umma hapa Mtwara mjini, bila kinanda, gitaa wala ngoma, ni miongoni mwa burudani bora nilizowahi kuzisikia katika mji huu, ambako tumezoea kupima ukubwa wa shughuli kwa ukubwa wa spika. Hapakuwa na kiingilio. Viti vilikuwa vichache, hivyo wengi tuliketi kwenye mikeka chini ya miembe.

Anayeimba bila ala hana pa kujificha. Kinanda huwarudisha waimbaji kwenye sauti sahihi kila wanapoanza kuteleza, na kinapokosekana, kwaya huweza kushuka kidogo kidogo bila yenyewe kutambua, hasa katika nyimbo ndefu za taratibu. Mwalimu wa kwaya aligonga uma wake wa chuma wa kupimia sauti, unaotetema mara 440 kwa sekunde, kisha akalipatia kila kundi noti yake ya kuanzia kwa solfa, mfumo wa kuimba kwa do, re, mi ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na ambao kwaya nyingi za Tanzania zinautumia hadi leo. Mwishoni mwa wimbo wa tatu, uliokuwa mrefu kuliko yote, aliugonga tena, na sauti ya uma na ya wanakwaya ikawa moja. Watu wachache waliligundua jambo hilo, lakini kwangu lilionyesha miezi ya mazoezi ya dhati.

Kasoro kubwa ilikuwa mahali walipopangwa kusimama katika sehemu ya kwanza. Wanakwaya waliuelekea upepo wa kusi, nasi tukawa mbele yao, upande ule ule upepo unakotoka. Sauti inayosafiri kinyume na upepo hupindwa kwenda juu na kuwapita wasikilizaji vichwani. Tena bustani haina dari ya kuirudisha, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Waliokaa nyuma walisikia mlio tu, bila maneno. Nawapongeza waandaaji kwa kuwahamishia wanakwaya karibu na ukuta wakati wa mapumziko, wakiwa nusu duara na upepo ukiwa mgongoni mwao, kwani kuanzia hapo hata herufi za mwisho wa maneno zilifika wazi. Hata hivyo, jaribio la nusu saa siku moja kabla lingetosha kuligundua hilo mapema.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya tenzi za kanisani kwa sauti nne. Soprano na alto ziliimbwa kwa utulivu mkubwa. Waimbaji wa teno, yaani sauti ya juu ya wanaume, walikuwa wachache mno na walilazimisha koo kila wimbo ulipopanda. Ulifuata wimbo mmoja ulioiga mtindo wa Ladysmith Black Mambazo, kundi la Afrika Kusini linaloimba bila ala, ukaimbwa vizuri, ila ulibaki kuwa wa kuazima.

Nyimbo za Kimakonde na Kimwera za kuitikizana ndizo zilizolibeba tamasha. Nilihofia kwamba wimbo wa ngoma ukinyimwa ngoma utabaki mifupa mitupu, lakini besi waliushika mdundo kwa midomo na vifua, wengine wakikanyaga ardhi kwa zamu, huku binti mmoja akiongoza kwa sauti kavu isiyo na madoido, kama waongozavyo bibi zetu vijijini. Mwalimu hakuzilainisha nyimbo hizo ili zifanane na tenzi. Aliuacha ule ukali wa sauti ya mbele na akaongeza tu tabaka za waitikiaji, uamuzi ambao naona ulihitaji ujasiri na heshima kwa wenye nyimbo. Kina mama waliokuwa mikekani walipiga vigelegele, kisha wakaanza kuitikia bila kualikwa, na mwalimu akawageukia na kuwaongoza pamoja na kwaya.

Mshereheshaji alitumia kipaza sauti chenye kelele kupita kiasi, akawa anaukata utulivu kati ya nyimbo bila hata kueleza wimbo umetoka wapi. Ratiba ilizingatiwa, na kila kitu kilikamilika kabla ya adhana ya Magharibi, jambo lililowafaa wengi wetu. Kwa onyesho lijalo, naomba chuo kitafute waimbaji wengine watatu au wanne wa teno, na kichapishe maneno ya nyimbo za Kimakonde pamoja na maana zake kwenye karatasi moja ya kugawiwa. Anayekusudia kwenda abebe mkeka, afike kabla ya saa kumi alasiri na akae mbele.