Uzoefu wangu na Etymonline, kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza

Ukifungua Etymonline, tazama mwaka kwanza. Wengi hukimbilia Kilatini na Kigiriki wakauruka ule mwaka unaokaa mwanzoni mwa maelezo, na hapo ndipo wanapopotea. Nimeitumia kamusi hii miaka mingi katika kazi ya tafsiri na uhariri, na mwaka ndio ulioniepusha na makosa mengi kuliko kitu kingine chochote kilichomo humo.

Chukua neno jumbo. Imeenea kwamba limetokana na "jambo" au "jumbe" letu, na hadithi hiyo imejengwa juu ya Jumbo, yule tembo mashuhuri aliyefika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865 na kuuzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, mwaka 1882. Andika jumbo kwenye kisanduku cha kutafutia. Utakuta neno lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1823, likimaanisha mtu mkubwa, mzito, asiyejigeuza upesi. Hiyo ni miaka zaidi ya 40 kabla tembo hajatia mguu London. Hadithi ya "jambo" inakosa pa kusimama, na umeigundua kwa kusoma tarakimu nne tu.

Kamusi yenyewe ni ya bure mtandaoni. Ni kazi ya Douglas Harper wa Pennsylvania, Marekani, aliyeijenga kwa kuchambua na kufupisha yaliyomo katika kamusi kubwa za wanazuoni. Haifundishi matamshi, haina mazoezi, na maana za leo inazigusa juujuu. Anayetaka Kiingereza cha kuzungumza atafute pengine. Kwa mtafsiri, mwalimu wa lugha, mhariri na mhubiri naipa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuizuia ile ya tano nitaifikia.

Namna ya kuusoma ukurasa ndiyo inayowashinda watu, kwa hiyo niieleze vizuri. Ukiona "c. 1300", maana yake ni karibu na mwaka 1300. Ukiona "14c.", ni karne ya 14, yaani miaka ya 1300 na kitu. Hapa ndipo wengi hukosea na kuandika miaka ya 1400. "1580s" ni muongo mzima, 1580 hadi 1589. Palipoandikwa Old English bila mwaka, neno ni la kale sana, kabla ya takriban mwaka 1100. Mwaka huo ni wa maandishi ya mwanzo yaliyosalia. Mdomoni neno laweza kuwa lilitangulia sana. Kinyota kikikaa mbele ya mzizi, kama *bher-, kinakuambia kwamba umbo hilo halikupatikana popote limeandikwa: wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Ukibofya mzizi huo wenye maana ya kubeba, utaletewa ukoo wote, birth na burden na transfer na fertile pamoja. Na uangalie sana tofauti ya "from" na "cognate". La kwanza ni mzazi, la pili ni ndugu. Anayezichanganya ataishia kusema Kiingereza kimetoka kwenye Kijerumani, ilhali hizo ni lugha mbili za tumbo moja.

Sasa tulisome neno moja lote, nice. Linaingia Kiingereza karibu na mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ni mpumbavu. Nyuma yake kuna nescius ya Kilatini, asiyejua: ne- ya kukanusha na scire, kujua, ambayo ndiyo iliyozaa pia science. Kutoka upumbavu neno likahamia kwa mtu mwenye kuchagua-chagua, kisha likafika kwenye uangalifu na usahihi. Maana ya kupendeza inakuja mwaka 1769. Mtafsiri inamhusu kwa sababu ile maana ya usahihi haijafa. Ukikutana na "a nice distinction" katika maandishi ya sheria au falsafa, ukaandika "tofauti nzuri", umeharibu. Ni tofauti ndogo inayotaka jicho kali.

Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa anayesoma Biblia ya King James ya mwaka 1611. Mambo ya Walawi sura ya 2 inataja "meat offering", na nimesikia mahubiri marefu juu ya nyama katika sura hiyo. Hakuna nyama hapo. Meat, kwa asili, ilikuwa chakula chochote, na maana ya nyama ilikuja kuibana baadaye. Biblia yetu imeandika sadaka ya unga, na imeandika sawa. Katika 1 Wathesalonike 4:15 kuna "prevent", ambayo leo ni kuzuia. Fungua kidahizo hicho, yaani neno hilo lilivyoorodheshwa katika kamusi, utaona praevenire ya Kilatini, kuja mbele ya mwingine, na ghafla "hatutawatangulia" ya Kiswahili inaeleweka. Hata let iko mara mbili: let ya kuruhusu na let ya kuzuia, maneno mawili tofauti kabisa yaliyofanana umbo, na ile ya kuzuia ndiyo iliyo katika 2 Wathesalonike 2:7. Ndiyo maana kidahizo kikiwa na namba ubavuni usisome cha kwanza ukaondoka. Shuka mpaka cha mwisho.

Kinachonifurahisha mimi zaidi, na ambacho Mwingereza hawezi kukipata kwa wepesi wetu, ni kukuta maneno yao yana ndugu humu ndani mwetu. Monsoon imeingia Kiingereza miaka ya 1580 kupitia Kireno na Kiholanzi, kutoka mawsim ya Kiarabu, wakati maalumu wa jambo. Neno hilohilo kwetu ni msimu, na watu wa majahazi waliopangia safari zao kaskazi na kusi hawana haja ya kuelezwa kwa nini upepo uliitwa msimu. Tariff ni ta'rif, kujulisha: kwao ikawa orodha ya ushuru, kwetu ikabaki taarifa. Magazine ni makhazin, maghala, kutoka mzizi uleule uliotupa hazina. Ndiyo maana magazini ya bunduki ni ghala la risasi, na gazeti la London la mwaka 1731, Gentleman's Magazine, lilijiita ghala la habari. Sugar na sukari zimefuata njia moja, kupitia Kiarabu na Kiajemi hadi Kisanskriti, ambako neno lilimaanisha pia changarawe.

Lakini hapo pana mtego. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Cotton na katani ukiziweka pamoja utaapa ni mapacha, hasa kwa kuwa zote ni za nyuzi. Kumbe cotton ni qutn ya Kiarabu, pamba, na katani ni kattan, kitani. Ni mimea miwili na maneno mawili. Kabla ya kutangaza undugu, hakikisha njia ya kila neno, lugha kwa lugha, na maana katika kila kituo.

Vipashio, yaani vipande vinavyobandikwa kwenye neno, pia vimo. Andika un- pamoja na kistari chake na utapata viwili. Cha kwanza ni cha kukanusha, kama katika unhappy. Cha pili ni cha kutengua kilichokwisha kufanywa, kama katika unlock. Mwanafunzi wa Kiswahili atakishika hiki cha pili kwa dakika moja, maana ni kazi ileile ya funga na fungua, ziba na zibua. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kukifundisha darasani.

Yaheshimu maneno "perhaps" na "probably". Ukifungua dengue, utaona neno limetajwa mwaka 1828, limetoka kwenye Kihispania cha visiwa vya Karibi, na huenda nyuma yake kuna Kiswahili, dinga. Huenda. Ukilinukuu, linukuu na huenda yake. Ukiitupa, umegeuza dhana kuwa habari. Kuna programu moja ya simu ya kulipia niliyoijaribu ambayo haina "huenda" hata moja, na ndiyo hiyo iliyodai kwamba news ni herufi za mwanzo za pande nne za dunia. News ni wingi wa new, mambo mapya, tangu karne ya 14. Kanuni yangu: kila unapoambiwa neno la zamani limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine, kataa mpaka uone mwaka. Uundaji wa namna hiyo umeshamiri karne ya 20, na golf, ambayo husemwa kuwa ni herufi za mwanzo za "Gentlemen Only, Ladies Forbidden" (wanaume tu, wanawake marufuku), ilishapigwa marufuku kwa jina hilo na bunge la Scotland mwaka 1457.

Ile nyota ya tano niliizuia kwa sababu ya nukuu. Etymonline hukupa mwaka bila kukuonyesha kila mara sentensi ulikotoka. Kwa makala au darasa inatosha. Kwa tasnifu au ubishani wa kitaalamu, nenda Oxford English Dictionary, ambayo toleo lake la kwanza lilichapwa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928 na la pili likatoka mwaka 1989 katika juzuu 20. Huko kila maana ina mfululizo wa nukuu zenye tarehe. Ni ya kulipia, ingawa maktaba nyingi za umma za Uingereza huwaruhusu wanachama kuingia kwa namba ya kadi. Marekebisho yake makubwa yalianza kuchapwa mtandaoni mwaka 2000, kwa herufi M, na bado yanaendelea. Kwa hiyo kabla ya kunukuu, tafuta kwenye ukurasa wa neno lako panapoeleza limerekebishwa mwaka gani. Kama halijaguswa tangu karne iliyopita, mwaka uliopewa unaweza kurudi nyuma siku wahariri watakapolifikia, na uuandike kwa tahadhari hiyo.