Hotel Rwanda au Sometimes in April?

Kila Aprili ubishi huu hurudi: filamu ipi inayatendea haki mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi?

Kwa ukweli wa kihistoria, Hotel Rwanda (2004) ina deni. Baadhi ya manusura wa hoteli ya Mille Collines wamempinga vikali Paul Rusesabagina, meneja ambaye filamu inamwonyesha kama shujaa, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Raoul Peck alipiga Sometimes in April (2005) Rwanda kwenyewe. Wahusika ni wa kubuni, lakini anachimba mizizi: ukoloni wa Wabelgiji, redio ya chuki ya RTLM, hadi mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyoshughulikia mauaji hayo, ambako mhusika mkuu, Augustin, anakwenda kuonana na nduguye aliyekuwa mtangazaji.

Kwa kumshika mtazamaji, Hotel Rwanda inashinda. Gari linarukaruka ndani ya ukungu, Paul anadhani wametoka barabarani. Anashuka, anaangukia maiti. Asiyejua lolote huelewa hapo hapo.

Ukifundisha sekondari, anza na hiyo, ila waeleze wanafunzi wazi yanayobishaniwa. Ukitaka kuelewa jirani alifikaje kumwua jirani, tenga jioni nzima kwa ya Peck, na usiitazame peke yako.